Mnara Uliohama Saa ya Chakula

Sajini Straton alikuwa ameanza tu kuonja sombe, kisamvu cha kwao, alipoguswa begani, na kwa kuwa hakuna kitu alichokichukia duniani kama kuondolewa kwenye chakula, aligeuka akiwa na maneno makali tayari mdomoni. Aliyameza. Aliyemgusa alikuwa Théogène, mchezaji wa kwanza wa Masisi, mkulima mwenye ng'ombe zake mlimani, mtu mpole ambaye hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda. Safari hii sauti hiyo ilikuwa inatetemeka.

"Sajini, kuya mu nyumba ya klabu. Kuko mambo mubaya."

"Muntu amekufa?"

"Hapana. Munara wangu njo umehama."

Kwa asiyekuwapo Masisi mwaka ule wa 1957, jibu hilo lingesikika kama la mwendawazimu. Straton alilielewa mara moja, kwamba mnara ni kete ya mchezo, akajifuta vidole kwenye jani la mgomba na kuondoka. Sataranji, ambayo wao waliiita eshek kama walivyofundishwa na walimu wao, ilikuwa imewaingia watu kichwani kuliko mpira. Jumapili ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya ligi. Klabu Umoja ya Masisi na Klabu Lowa ya Walikale zilikuwa sare, na mchezo mmoja tu ulibaki wa kuamua kombe: Théogène mwenye kete nyeupe, na Hubert wa Mpofi, mchezaji wa Lowa, mwenye kete nyeusi. Wawili hao walikuwa wamekodoleana macho tangu asubuhi, kisha mwamuzi akaamuru watu wakale, kete zibaki zilivyo mezani.

Na tuseme ukweli mapema: Straton hakuwa mtu wa katikati. Alikuwa askari wa polisi, ndiyo, lakini pia alikuwa mwanachama wa Umoja tangu klabu ilipoanza. Mwenyewe alicheza vibaya kiasi kwamba hata wageni wa mchezo walimfunga, na kwa sababu hiyo alilitamani kombe lile kwa hamu ya mtu asiyeweza kulishinda mwenyewe.

Ukumbini alikuta kelele za kutosha kubomoa bati. Watu wa Walikale walisimama upande mmoja, wa Masisi upande mwingine, na kati yao alisimama mwamuzi, Papa Honoré, mwalimu mzee aliyetumwa na ligi. Mkono wake ulikuwa umetanda juu ya ubao kama mtu anayekinga moto usizimwe na upepo.

"Sajini, angalia mwenyewe," alisema Papa Honoré. "Wakati wa kwenda kula, munara wa Théogène ulikuwa hapa. Wote wawili wanakubali. Tumerudi, tumeukuta hapa, fasi ya pembeni, mu kinywa ya farasi ya Hubert. Farasi iko tayari kuukula bure."

"Basi uurudishe, tuendelee."

"Kuurudisha si kazi. Lakini kanuni unaijua. Muntu anayegusa ubao wakati wa kupumzika anafukuzwa mu ligi, na michezo yake yote ya mwaka inafutwa. Na tuko na shahidi."

Shahidi alijitokeza bila kuitwa. Alikuwa Hakorimana, katibu wa Umoja na mchezaji wake wa pili, kijana nadhifu mwenye koti la kijivu na viatu vilivyong'aa kila siku ya Mungu. "Nilimuona na macho yangu," alisema. "Hubert alikuwa ameinama ku meza."

Macho yote yakamgeukia Hubert. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mzawa wa msituni. Siku za kazi alichukua mawese kutoka Mpofi hadi soko la Hombo, na Jumapili alifundisha katekisimu. Biashara yake yote ilisimama juu ya neno lake, kwa maana watu walimpa mapipa ya mafuta wakamwambia alipe akirudi. Kama angetoka Masisi akiitwa mdanganyifu, jina hilo lingefika Hombo kabla yake, na nani tena angemkabidhi pipa? Alijua hivyo.

"Sikugusa kitu," alisema.

"Ulikuwa wapi? Ku chakula hatukukuona."

Hubert akatazama chini. Watu wa Masisi wakaguna, na Straton, Mungu amsamehe, alihisi furaha kidogo ikimpanda kifuani. Kombe lilikuwa linakuja lenyewe, bila jasho.

"Na hii?" Papa Honoré aliuinua ule mnara mweupe. Ubavuni ulikuwa na doa jekundu. "Mawese. Nani anakula mawese? Ni bantu ya musituni, kama Hubert."

Straton akaupokea, akaunusa. Yalikuwa mawese kweli. Halafu akaangalia vidole vyake mwenyewe, vile alivyovifuta kwenye jani, akakuta kucha bado nyekundu. Akainua mkono wake juu ili kila mtu auone.

"Wageni walituletea pipa nzima ya mawese, na Mama Pétronille, mupishi wa klabu, ameipika yote mu sombe. Papa Honoré, onyesha vidole vyako."

Mzee akaficha mikono nyuma ya mgongo, na watu wachache wakacheka. Doa lile lilikuwa limekufa pale pale. Furaha ya Straton ikapungua kidogo, na mahali pake ukaingia ule mwasho aliouzoea, mwasho wa kutaka kujua, ambao ulikuwa umemharibia milo mingi maishani.

"Nipe nafasi," alimwambia mwamuzi.

"Mpaka camion ya Goma ipige honi. Ikipiga, natamka hukumu na naondoka nayo."

Alimchukua Hubert kwanza, wakashuka wawili tu mpaka kijito kinachopita chini ya nyumba. Huko, mbali na masikio ya watu, mtu wa Mpofi alisema alichoshindwa kukisema mbele ya wengine.

"Sajini, babu yangu alikuwa muwindaji mukubwa. Kwetu, muntu akikaribia kumaliza nyama anayoiwinda, anamumwangia babu pombe kidogo. Leo nilikuwa karibu kumaliza. Nilikuja hapa na pombe ya ndizi. Lakini miye nafundisha katekisimu. Padiri akisikia..."

"Padiri hatasikia. Nionyeshe."

Palikuwa na kikombe cha jani kilichokunjwa kwa ustadi, bado kibichi, kimelazwa kwenye jiwe, na harufu ya ndizi iliyochacha haikuwa imeondoka. Straton akakitosa mtoni kwa ncha ya kiatu, kikaenda zake. Siri ya namna hii haikuwa ya kuandikwa popote. Alijua kwamba haimtoi Hubert hatiani, kwa kuwa mtu anaweza kumwaga pombe na bado akapata muda wa kuhamisha mnara. Lakini sasa alijua kwa nini mtu huyu amenyamaza, na halikuwa jambo la kumfukuzisha.

Akarudi juu, akamweka Hakorimana kwenye kiti kando ya kabati la klabu.

"Niambie pole pole. Uliondoka ku chakula juu ya nini?"

"Nilisahau kofia yangu mu nyumba ya klabu."

"Ukapita wapi?"

"Mu mulango ya mbele. Kuko mulango ingine? Ule wa nyuma umefungwa na komeo."

"Pale ku baraza ulikuta nani?"

Hakorimana hakusita hata kidogo. "Mama Pétronille. Alikuwa anaikala ku mulango, anachambua maharagi. Nilimusalimia, akaitika. Nikaruka kitunga yake, nikaingia, nikamukuta Hubert ku meza. Aliposikia viatu vyangu akatoka haraka."

"Akatoka na mulango ule ule?"

"Ule ule. Nikachukua kofia, na miye nikatoka."

"Kwa nini hukupiga kelele pale pale?"

"Nilizania anaangalia tu. Sikujua kama amegusa."

Yalikuwa majibu mazuri, yaliyonyooka kama nyuzi za fundi cherehani. Straton alimshukuru, akatoka nje, akaizunguka nyumba. Madirisha mawili yalikuwa na wavu wa chuma. La tatu lilikuwa na ubao wa kufungua, na chini yake Mama Pétronille alikuwa amepanda maharagi yake yanayotambaa juu ya miti iliyosimikwa, kama yalivyo yote ya milima ile. Mti mmoja ulikuwa umevunjika, na mvunjiko wake ulikuwa bado mweupe na wenye unyevu. Mimea iliyoushika ilikuwa imelala chini imekanyagwa. Straton akachuchumaa, akachuma jani moja la maharagi, akalibandika kwenye mkono wa sare yake. Likashika, kama majani yale yanavyoshika nguo ya kila mtu anayepita shambani, likakataa kudondoka hata alipokung'uta.

Mtu alikuwa ameingilia hapa. Lakini nani? Hubert naye alikuwa na miguu ya kurukia dirisha. Straton alihitaji ushahidi wa mtu aliyekaa mlangoni, na mtu huyo alikuwa jikoni.

Mama Pétronille alikuwa akikwangua sufuria huku jasho likimtiririka. Pembeni yake alikaa mama mwingine, mtu mzima, amevaa kitenge kipya cha safari, kibuyu cha maziwa kikiwa miguuni pake.

"Mama Pétronille, wakati bantu wanakula, nani alipita ku mulango ya mbele?"

"Unaniuliza miye? Nani angewapakulia? Nilikuwa hapa ku moto tangu mulianza mpaka mulimaliza. Uliza Mama Mukankusi. Alitoka Nyamitaba leo, akanikuta naitwa, akanisaidia. Njo yeye aliikala pale na maharagi yangu."

Straton akamsalimu mgeni kwa heshima. "Mama, nani aliingia?"

"Hakuna muntu aliingia," alisema Mama Mukankusi. "Na hakuna muntu alitoka. Niliikala pale, kitunga mbele yangu, mpaka kengele ikalia. Njo nikarudisha maharagi huku, bantu wasinikanyage."

"Umekuja kutembea kwa nani, Mama?"

"Kwa mutoto wangu Thacienne. Nangojea wamuite aje anichukue. Siwezi kwenda ku nyumba yake bila kutuma habari, mume wake asije akanikuta mu njia."

Straton alimjua Thacienne. Alimjua na mume wake. Ndiye aliyekuwa ametoka kumhoji kando ya kabati.

"Mama, nisamehe nikuulize. Mukwe wako hakupita pale ku baraza?"

Mama Mukankusi akashtuka, kisha akacheka kwa aibu, kitambaa mdomoni. "Mukwe wangu? Sajini, angepita pale, ungekuta maharagi ya Pétronille yametawanyika mu baraza yote. Ningekimbia. Na yeye angekimbia. Namna gani muntu atapita mbele ya mama mukwe?"

Namna gani, kweli. Milimani kule hakuna mwanamume aliyelelewa vizuri anayekutana uso kwa uso na mama wa mkewe. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anaingia hata kwenye matope. Na kuruka kikapu kilicho mbele yake? Heri aruke moto. Hakorimana alikuwa amemwona Mama Pétronille akikaa pale mlangoni kabla ya chakula, akaamini amebaki palepale, akamtia kwenye hadithi yake ili ipate rangi. Hakujua nani alikuwa amekikalia kigoda kile baadaye, na hakujua kwa sababu hakufika mlangoni hata kidogo.

Furaha iliyompanda Straton sasa haikuwa ile ndogo ya mwanzo. Ilikuwa furaha safi, ya kumfanya mtu atake kuimba, ingawa alijua vizuri kwamba inaelekea kumnyang'anya kombe. Alitaka pia kumwambia mama yule kila kitu, lakini roho ikamwuma. Akamwambia nusu tu: kwamba kuna mtu asiye na kosa anakaribia kuharibiwa jina, na kwamba kusimama kwake mlangoni kungemwokoa. Mama akafunga kitenge chake vizuri.

"Kama ni kuokoa muntu, tuende," alisema.

Ukumbini Papa Honoré alikuwa tayari amevaa koti la safari. Straton akasimama katikati, mikono nyuma, akamwomba Hakorimana arudie maneno yake mbele ya watu wote. Kijana akayarudia bila kukosea hata moja.

"Mama Pétronille alikuwa ku sufuria," Straton akasema. "Anaapa, na sisi wote tuliokula tulimuona anapakua."

Hakorimana akabadili maneno. "Basi ilikuwa mama mwingine. Sikumuangalia sana. Mama anachambua maharagi, njo nilimusalimia."

"Ukapita karibu?"

"Karibu sana."

"Ukaruka kitunga yake?"

"Niliruka. Naweza kuapa."

"Usiape kwanza," alisema Straton, akausukuma mlango.

Mama Mukankusi alikuwa amesimama kizingitini, kikapu cha maharagi kiunoni. Yaliyotokea hapo watu wa Masisi waliyasimulia miaka mingi baadaye. Hakorimana alimwona, akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, akaruka kiti, akaruka benchi, akajitupa nyuma ya kabati la klabu na kujikunja huko mpaka ikabaki ncha moja tu ya kiatu kinachong'aa. Mama naye alikuwa amekwisha kujifunika kitenge kichwani na kugeuka ukuta. Maharagi yakamwagika sakafuni kama mvua ya mawe.

Kicheko kikalipuka pande zote mbili, Walikale kwa Masisi. Straton alingoja kipungue, na hakuharakisha.

"Mumeona?" alisema. "Mama huyu aliikala ku mulango saa yote ya chakula. Hakorimana anasema alimupita karibu, akamusalimia, akaruka kitunga yake. Sasa hivi amemuona kwa mbali, na ameruka kiti na benchi kumukimbia. Angefika ku mulango ule, angefanya vile vile. Hakufika. Aliingia na dirisha ya nyuma, ameangusha miti ya maharagi ya Mama Pétronille. Hakorimana, geuza koti yako."

Koti likatupwa kutoka nyuma ya kabati. Juu ya mgongo wake, mahali ambapo mwenye nguo haoni, majani mawili ya maharagi yalikuwa yameshikilia kitambaa kwa uaminifu.

"Na sababu njo hii," Straton aliendelea. "Mwaka huu Hubert alimufunga Hakorimana kule Mpofi. Hubert akifukuzwa, michezo yake inafutwa, kushindwa kule kunafutika, na Hakorimana anakuwa wa kwanza mu ligi. Njo yeye angeenda kucheza Bukavu, kule wanaenda wa kwanza wa kila ligi. Ni uongo?"

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya kabati. "Si uongo."

Mama Mukankusi alikuwa bado ameelekea ukutani. Alizungumza kupitia kitenge, na kwa kuwa hakuweza kumsemesha mkwe wake, alimsemesha Straton.

"Sajini, umuambie mume wa Thacienne. Tulipomupa mutoto wetu, hatukumuona kuwa muntu wa kupita mu dirisha. Aende amuombe yule mugeni musamaha, na afanye hivyo kabla sijafika ku nyumba yake."

Hapo hakuna aliyecheka. Hakorimana akatoka amejifunika uso kwa kofia yake, akapita kwa kujibana ukutani mpaka mbele ya Hubert, akapiga magoti. Hubert akamshika mkono, akamwinua. Papa Honoré akatangaza kwamba anayefukuzwa kwenye ligi ni mwingine, na watu wa Umoja wenyewe wakamfungulia katibu wao mlango wa nyuma, ili asimpite mama kwa mara nyingine.

Théogène akaurudisha mnara wake mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. "Keti, kaka," alimwambia Hubert. "Nataka kukushinda miye mwenyewe, si muntu ingine anishindie."

Nje, lori la Goma likapiga honi. Papa Honoré akafungua dirisha, akamwambia dereva angoje au aende zake, ni sawa tu.

Hubert hakufikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa amekwisha kufikiri yote asubuhi. Farasi wake mweusi akaruka, mfalme mweupe akakimbilia pembeni. Kisha akamchukua malkia wake, kete kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akamweka ubavuni kabisa mwa mfalme wa Théogène, aliwe bure. Ukumbi ukanung'unika. Straton, aliyekuwa mchezaji mbovu, alidhani mtu wa Mpofi amechanganyikiwa kwa mateso ya siku ile. Théogène hakudhani hivyo. Alitazama, akatabasamu polepole, tabasamu la mtu anayeuona uzuri unaomjia yeye mwenyewe. Mfalme hakuweza kumla malkia, kwa kuwa farasi alimlinda. Mnara tu ndio ulioweza, na ulilazimika. Ukamla. Sasa mfalme mweupe alikuwa amebanwa kona, mnara wake upande huu, askari wake mbele, hana pa kupumulia. Farasi mweusi akaruka mara moja tena, na mfalme akawa amefungwa.

"Mat," alisema Hubert, kwa sauti ya chini kabisa.

Théogène akamlaza mfalme wake. Kisha akasimama, akaizunguka meza, akashika mkono wa Hubert na kuuinua juu mbele ya Masisi nzima.

"Huyu njo champion," alisema mtu yule ambaye sauti yake haikuwahi kupanda, na safari hii ilisikika hadi barabarani. "Hubert wa Mpofi. Amenifunga na akili yake. Mukifika popote, museme hivyo, museme ni Théogène amesema."

Watu wa Walikale walikwisha kumbeba Hubert mabegani. Watu wa Masisi wakatazamana, halafu mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata. Mzee mmoja wa Umoja akamsogelea Straton, akamnong'oneza kwa uchungu kwamba kombe limekwenda kwa ajili yake.

"Limekwenda kwa mwenyewe, Papa," alijibu Straton, na aliendelea kupiga makofi mpaka viganja vikamwaka moto, huku Hubert akitolewa nje kwa mlango wa mbele, kichwa juu, na jina lake likiimbwa na watu wa pande zote mbili.